Betri ya Msikiti na Betri ya Kigango

Swichi ilikuwa kwenye ukuta wa zahanati, kimo cha bega, na juu yake mtu alikuwa ameandika herufi mbili kwa rangi nyekundu: M kushoto, K kulia. Nilipoingia siku ile ilikuwa imeelekezwa kwenye M. Nikamuuliza muuguzi maana yake, maana kazi hii nimejizoeza kuianza kwa maswali kabla ya bisibisi.

"M ni msikiti, K ni kigango cha Wakatoliki," alisema. "Leo ni zamu ya msikiti."

"Zamu ya nini?"

"Ya kulisha friji."

Ninaishi Kilwa Masoko na kazi yangu ni kufunga na kutengeneza sola. Nimefunga taa za madrasa Pande, nimerekebisha friza za samaki Songo Songo, na karibu kila aina ya makosa ya waya nimeshayaona, mengine nikiyafanya mwenyewe. Lakini sikuwahi kuona betri zinazopangiwa zamu. Nikafungua daftari.

Zahanati ile iko juu vilimani, bara la Kilwa, mahali ambapo nyumba moja ina rozari na ya jirani ina mswala, na watoto wa nyumba zote mbili wanavuna ufuta katika shamba moja. Umeme wa nguzo umefika. Tatizo ni kwamba mvua kubwa zikianza hukatika, na ukikatika unaweza kukaa siku tatu haujarudi. Siku hizo friji ya chanjo huhamia kwenye betri. Waumini wa msikiti walikuwa wametangulia kuchangishana, wakaleta betri moja nzito ya jeli pamoja na paneli zake na mashine yake ya chaji. Miaka michache baadaye wanajumuiya wa kigango, kwa msaada wa kijana wao mmoja aliyeko mjini, wakaleta yao: betri ya lithiamu, nyepesi, mpya, nayo na paneli zake. Kamati ya zahanati ikakaa. Ili upande wowote usiseme umedharauliwa, ikaamua betri zifanye kazi kwa zamu, siku hii msikiti, siku inayofuata kigango, na swichi igeuzwe kila asubuhi. Ijumaa ni ya msikiti lazima. Jumapili ni ya kigango lazima.

Uamuzi ule ulikuwa wa haki. Kwa betri ulikuwa msiba. Siku za mawingu, betri ya zamu huishiwa saa tisa alasiri, na ile nyingine iko pembeni imeshiba, inasubiri kesho. Moja ina njaa, nyingine imevimbiwa, na katikati friji inazimika.

"Mara mbili," muuguzi alisema. "Mara ya kwanza tuligeuza swichi kwa kuchelewa. Mara ya pili msimamizi wa swichi alikwenda mazikoni."

Mara zote mbili chanjo zilipata joto, zikamwagwa, na akina mama waliotembea tangu alfajiri wakaambiwa warudi. Muuguzi aliandika yote kwenye rejista kama inavyotakiwa, bila kuficha. Jibu lilikuja kwa barua kutoka wilayani, nayo akanipa niisome. Barua haikuwa na ukali. Ilisema tu kwamba ikitokea mara ya tatu friji itahamishiwa kituo kingine, ng'ambo ya bonde, ambako umeme ni wa uhakika zaidi.

"Masika lile bonde linapitika?" niliuliza.

"Kwa mwenye mabawa."

Alikuwa mwenyeji wa Rondo, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye kuongea taratibu na kusema maneno machache. Alikunja barua akairudisha kwenye mfuko wa gauni lake la kazi. Nilielewa kwamba anatembea nayo.

Mchana ule nikaomba wazee wawili wenye betri waitwe. Shekhe alikuja na kanzu iliyokunjwa mikono, ametoka shambani. Katekista alikuja na baiskeli. Nilidhani nitakuta mvutano wa watu wasiopatana, kumbe walikuwa mashemeji: dada yake katekista ndiye mke wa shekhe, na walivyokuwa wakiongea ilionekana wamezoea kuchokozana tangu ujana.

"Shikamoo shekhe. Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Umekuja kuitazama betri yetu? Itazame vizuri, ndiyo kubwa."

"Kubwa kwa umri," katekista alisema. "Hata mimi babu yangu ni mkubwa, lakini halimi."

"Ya kwenu nyepesi kama boksi la sabuni. Upepo ukija mtaifuata bondeni."

"Shemeji, ya kwetu haifungi Ramadhani. Yenu ikifika alasiri iko hoi."

Muuguzi hakucheka. Nikapima betri zote mbili mbele yao na kuwasomea namba. Ya kigango ilikuwa na volti kumi na tatu na kitu. Ya msikiti kumi na mbili na nusu. Nikawaambia zamu ikome, betri zote mbili ziilishe friji kwa pamoja, wakati wote.

"Basi ziunge," shekhe alisema. "Waya kwa waya, kama ndugu."

"Zikiungwa hivyo hivyo, shekhe, ile yenye nguvu itaimwagia ile dhaifu kabla friji haijapata kitu. Waya utachemka."

Katekista aliinua kidole. "Kwa hiyo yetu itanyonywa."

"Itanyonywa."

"Nilijua! Nilisema kwenye kamati. Nilisema siku moja hawa watatunyonya."

"Tumekunyonya nini wewe? Dada yako tunamlisha miaka ishirini!"

Niliwaacha wamalizane. Kisha nikajaribu kuwaeleza kwamba kuna kitu kinaitwa dayodi: mlango wa umeme unaofunguka upande mmoja tu. Ukiweka mmoja kwenye kila betri, umeme unatoka kwenda kwenye friji, lakini wa betri hii hauwezi kuingia kwenye betri ile. Nikasema ni kama dema, samaki anaingia, hatoki. Wakanitazama tu. Pwani ningeeleweka papo hapo, ila kule juu hawavui kwa dema. Katekista ndiye aliyenisaidia.

"Mgono," alimwambia shekhe. "Ule tuliokuwa tunatega mtoni. Mdomo wake vile vijiti vya ndani."

"Ah! Akishapita havimruhusu kurudi."

"Sawasawa," nilisema.

"Basi weka migono miwili, fundi," shekhe akasema, na tangu siku ile hakuna mtu pale kijijini aliyeita kile kitu dayodi.

Sasa nieleze kosa langu, maana lilikuwa langu peke yangu na nusura limgharimu muuguzi friji yake.

Nilikuwa na dayodi mbili za kawaida kwenye begi, zile za chuma za kufunga kwa nati. Zilikuwa zinabeba ampea nyingi kuliko tulizohitaji. Nikazifunga siku ile ile. Dayodi ya kawaida hupata joto inapopitisha umeme, kwa hiyo inahitaji bati la kuipoza, na bati sikuwa nalo. Muuguzi akanipa mfuniko wa sufuria ya alumini. Nikautoboa, nikazifunga dayodi juu yake kwa vipande vya kuzitenga na chuma, nikaubandika ukutani. Friji ikanguruma. Nikaing'oa ile swichi ya M na K, nikamkabidhi mwenyekiti wa kamati, nikapanda bodaboda nikashuka Masoko nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Siku ya sita simu ikalia asubuhi.

"Fundi, mfuniko wako unaweza kukaangia yai."

"Hiyo ni kawaida, dada. Friji je?"

"Friji inalia. Inasema betri zimekwisha."

Ilikuwa siku ya tatu tangu umeme wa nguzo ukatike, na jua lilikuwa halijaonekana. Nikamwelekeza namna ya kushika mita niliyomwachia. Betri ya kigango ilikuwa imeisha kweli, imejizima yenyewe kama lithiamu zinavyofanya. Akapima ya msikiti.

"Kumi na mbili kamili," alisema.

Betri ya jeli yenye volti kumi na mbili inapofanya kazi bado ina akiba nzuri ndani. Friji haikupaswa kulia. Nikamwambia apime tena, safari hii kwenye waya za friji yenyewe.

"Kumi na moja nukta tatu."

Hapo nikaelewa. Dayodi ya kawaida inatoza ushuru kila umeme unapopita. Inakula karibu sehemu saba za kumi za volti moja na kuzigeuza joto, ndilo lile lililokuwa kwenye mfuniko. Kwa mashine nyingine si kitu. Lakini friji ile imetengenezwa ijizime ikipata chini ya volti kumi na moja na nusu, ili isiiue betri. Betri ilikuwa na akiba, na friji ilikuwa haiioni. Niliweka mlango uliozuia wizi, na mlango wenyewe ukawa mwizi.

"Dada, kosa ni langu," nilisema.

"Kosa tutaligawana baadaye. Nina muda gani?"

Nikamwambia asifungue mlango wa friji, na kwamba kwa unene wa kuta zake ana saa chache kabla joto halijapanda kufikia la kuharibu. Hakusubiri zihesabiwe. Alipanga chanjo zote kwenye boksi la kubebea, kati ya pakiti za barafu, akapanda bodaboda na kuzivusha bonde, ambalo mvua zilikuwa bado hazijalifunga, mpaka kwenye friji ya kile kituo kingine. Kile kile ambacho kingepewa friji yake kama angeshindwa. Kipimajoto ndani ya boksi hakikutoka kwenye mstari. Akaandika kwenye rejista kwamba chanjo zimehamishwa zikiwa salama, na sababu. Wakati ule zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya ofisa wa chanjo kutoka wilayani kuja kukagua.

Nilipopanda tena alinipokea kwa chai. Hakunikaripia. Alisema jambo moja tu.

"Wale wa kule waliniambia, 'Dada, friji hii ukituletea na wewe tutakukaribisha.' Walikuwa wanatania. Sikulala."

Kifaa nilichokihitaji nilikuwa nakijua. Miaka ya nyuma nilifanya kibarua Lindi kwenye minara ya simu, na huko betri za seti mbili huunganishwa kwa dayodi ambazo si dayodi. Ni kibati kidogo, ukubwa wa kiberiti, chenye transista ndani na kijichombo kinachoisimamia. Kile kijichombo hakichoki kutazama: umeme unaelekea wapi? Ukielekea nje, kwenye mashine, kinafungua njia yote wazi, karibu kama waya mtupu. Ukitaka kurudi ndani, kinafunga papo hapo, kabla hujapepesa jicho. Dayodi ya kawaida ni mlango wenye springi ngumu ambao kila mpitaji lazima ausukume. Hiki ni mlango wenye bawabu. Kwa nini sikukitumia tangu mwanzo? Kwa sababu sikuwa nacho kwenye begi, na zile nyingine nilikuwa nazo. Sababu kama hiyo haiandikwi kwenye daftari, lakini mimi niliiandika.

Niliagiza viwili Dar es Salaam, vikaja kwa basi. Kazi ya kuvifunga ilichukua asubuhi moja. Fyuzi kwenye kila betri, kisha mgono wake, kisha waya mbili zikutane na kuelekea kwenye friji. Mashine za chaji sikuzigusa: kila betri ilikuwa na yake, nyuma ya mgono, kwa hiyo jua liliendelea kulisha kila moja kwa upande wake. Mfuniko wa sufuria nikauondoa ukutani. Una matundu mawili, haufai tena kufunikia wali, nikamwomba muuguzi radhi.

Kisha tukapima. Shekhe na katekista walikuwepo, wamesimama nyuma ya mgongo wangu kama watu wanaochungulia sanduku la kura. Betri ya kigango: kumi na tatu nukta mbili. Kwenye friji: kumi na tatu nukta moja nane. Ushuru wote ulikuwa sehemu mbili za mia za volti. Nikamwambia shekhe aweke kidole juu ya kile kibati.

"Baridi," alisema. "Kinafanya kazi kweli?"

"Kinafanya, shekhe."

"Na cha kwetu?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi haijaisha. Cha kwao kilikuwa kimefunga. Betri yenye volti kubwa ndiyo hutangulia, na ya lithiamu siku zote huwa juu kidogo. Nilimweleza ukweli: ya kigango itabeba friji kwanza, na itakaposhuka mpaka kulingana na ya msikiti, zitabeba pamoja, na ya kigango ikiisha, ya msikiti itaendelea.

Shekhe akaondoa kidole kwenye kibati. Katekista alijaribu kujizuia, akashindwa.

"Basi leo tunaoswalisha ni sisi."

"Wewe utaswalisha lini? Hata kusimama mbele ya mbuzi wako huwezi."

"Shemeji, fuata imamu wako."

"Fundi," shekhe alinigeukia, na sasa hakuwa akitania. "Watu walichanga. Kina mama waliuza mihogo. Nikienda Ijumaa kuwaambia betri yao imekaa tu, nitawaambia nini? Huwezi kukipunguza kasi hiki cha kwao, ziende sawa?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu. Ingewezekana, kwa kupoteza umeme makusudi. Ningeweza kuweka kitu cha kula volti upande wa kigango mpaka zilingane. Yaani ningerudisha lile joto la mfuniko, safari hii kwa ajili ya usawa. Nikamwambia hapana. Nikamwambia siku ya tatu ya mawingu, wakati ya kigango imejizima kama ilivyojizima juzi, hakuna kitu kingine kitakachosimama kati ya chanjo na joto isipokuwa betri iliyochangwa msikitini.

Muuguzi, ambaye alikuwa akipanga kadi za kliniki, alisema bila kuinua kichwa, "Juzi ilikuwepo. Ilikuwa na nusu yake. Ni fundi aliyeizibia njia."

Shekhe akaigeuza kauli hiyo kinywani. "Kwa hiyo yetu ni akiba."

"Akiba, shekhe."

"Akiba haiozi." Akamgusa shemeji yake begani. "Nyinyi tumikeni. Sisi tutawazika."

Ofisa wa chanjo alikuja siku ya kliniki ya watoto, katikati ya mvua. Umeme wa nguzo ulikuwa umekatika tangu juzi yake, jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulipanga vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nimepanda siku hiyo kwa sababu muuguzi aliniita, si kwa ajili ya kurekebisha kitu, ila niwepo kama maswali ya waya yatakuja. Kibarazani akina mama walikuwa wamejaa, kanga zimelowa mabegani, na watoto wakilia kwa kupokezana.

Ofisa alikuwa mtu wa haki na wa haraka. Alifungua rejista, akapitisha kidole kwenye safu ya joto, asubuhi na jioni, asubuhi na jioni, wiki zote tangu kazi imalizike. Akasoma kifaa cha friji kinachojirekodia chenyewe. Akakilinganisha na maandishi ya muuguzi. Havikupishana.

"Mlipoandika kuhusu chanjo zilizoharibika mlikuwa na zamu za betri," alisema. "Sasa nani anageuza swichi?"

"Hakuna swichi," muuguzi alisema.

"Anayeangalia ni nani?"

Muuguzi akanitazama. Nikaonyesha vile vibati viwili ukutani. Ofisa akavisogelea, akavitazama kama mtu anayeambiwa kwamba mkaguzi mwenzake ni vibati.

"Naweza kung'oa betri moja?"

"Ng'oa yoyote," nilisema. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimeng'oa kila moja mara kumi kabla ya kuondoka siku ile, na kuandika.

Alitoa fyuzi ya msikiti. Friji ikaendelea kunguruma vile vile. Shekhe, aliyekuja na mwamvuli kushuhudia, akakohoa. Ofisa akairudisha, kisha akatoa ya kigango, ile iliyokuwa imebeba mzigo wakati ule. Kompresa haikukatika hata pumzi moja. Taa ndogo ya kijani kwenye friji haikupepesa. Kwenye mita yangu namba zikashuka kutoka kumi na tatu hadi kumi na mbili na nusu, zikatulia hapo.

"Inakula ya nani sasa?" ofisa aliuliza.

"Ya kwetu," shekhe alisema, kabla sijafungua mdomo.

Ofisa aliiacha hivyo kwa nusu saa nzima. Wakati huo akakagua stoo, akahesabu sindano, akatazama choo. Katekista alikaa kwenye benchi karibu na betri yake iliyotolewa fyuzi, mikono magotini. Muuguzi hakutazama friji wala mita. Alikuwa na watoto wa kuchanja, na kila alipohitaji kichupa alifungua friji, akachukua, akafunga, kama mtu anayechota maji kwenye mtungi wake mwenyewe.

Ofisa aliporudi alisoma joto: nyuzi tano. Akarudisha fyuzi mahali pake, akaketi, akaandika mstari mmoja kwenye kitabu cha wageni, akamsogezea muuguzi asome. Friji ibaki hapa. Chini yake sahihi.

Muuguzi aliusoma mara moja. Akatoa ile barua mfukoni, akaiweka ndani ya rejista kwenye ukurasa wa mwezi wake, pamoja na karatasi nyingine za kazi, akafunga rejista.

"Fundi, sogea kidogo, unaniziba mwanga," alisema. Kisha akapaza sauti kuelekea kibarazani: "Mwenye mtoto wa surua, pita!"